Bonde la Kilombero na historia ya kukaza nati

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: nati. Wasikilizaji wetu wa mjini wanaweza kujiuliza nati ina historia gani ya kumkalisha mtu mzima mbele ya redio. Ninayo sababu. Anayepanda basi la Ifakara alfajiri anaweka roho yake juu ya nati chache zinazoshika magurudumu. Hazioni, hajui nani alizikaza, wala hajui zilikazwa kwa kitu gani. Na siku hizi, katika gereji nyingi za pale Ifakara, zinakazwa kwa chombo ambacho baba zetu hawakukijua: mashine ya kufungulia nati inayotumia betri, isiyo na waya wala mpira wa upepo. Unaisikia kabla hujaiona. Inapiga kelele ta-ta-ta-ta kama mvua ya mawe juu ya bati, na nati ambayo utingo angehangaika nayo nusu saa inatoka kwa sekunde mbili.

Ni chombo kizuri, sikipingi. Lakini historia ya bonde lile inatufundisha jambo ambalo mashine hii inataka kutusahaulisha. Tuanze mbali kidogo.

Mnamo tarehe 5 Septemba 1967 serikali za Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing mapatano ya kujenga reli ya Uhuru, ile tunayoiita TAZARA. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakiwapo. Kufikia mwisho wa mwaka 1971 reli ilikuwa imekwisha kupita bonde la Kilombero na kufika Mlimba, kwenye mguu wa milima, mahali ambapo kazi ngumu ya mahandaki na madaraja ya kupandia Makambako ilikuwa inangoja. Tarehe 14 Julai 1976 reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa wenyewe. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi ile, na wengi wao wamelala katika makaburi yao kule Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia waliofia humo nao hatuwasahau.

Kwa vijana wa Kiberege, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, reli ile ndiyo iliyokuwa shule yao ya kwanza ya chuma. Kijana aliyekuwa amezoea jembe na mtumbwi alipewa spana ndefu na kuambiwa akaze bolti. Pale reli inapoungwa na reli nyingine huwekwa vipande viwili vya chuma, kimoja kila upande, na bolti hupitishwa katikati. Kazi yaonekana rahisi. Kumbe ndani yake kuna elimu.

Chuma hurefuka kwenye jua. Kipande cha reli cha mita 12, joto likipanda kwa nyuzi 30 kati ya alfajiri na saa nane mchana, hurefuka kwa kama milimita nne. Jua la Kilombero wanalijua wenyeji wake. Basi fundi wa reli akiilegeza bolti, kiungo hucheza na gari moshi likipita hukibomoa. Akiikaza kupita kiasi, reli hukosa nafasi ya kutambaa ndani ya kiungo. Jua likiwaka hujipinda kama nyoka. Kwa hiyo katika reli, kukaza mno ni kosa sawa na kulegeza. Na kipimo kilikuwa wapi? Kilikuwa katika spana yenyewe. Mpini wa spana ya reli ulitengenezwa kwa urefu maalumu, ili mtu mmoja wa nguvu za kawaida, akivuta kwa mikono yake bila kuongeza kitu, afike pale panapotakiwa na asipite. Urefu wa mpini ndio uliokuwa mizani.

Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo tutakalolifuata hadi mwisho.

Wachina walipoondoka waliacha Mang'ula karakana kubwa iliyokuwa ikihudumia ujenzi, ambayo baadaye ilikuwa kampuni ya umma ya kutengeneza mashine na vipuri. Kaskazini yake kidogo palikuwa na kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pale Kidatu, mwaka 1975, ukaanza kufanya kazi mtambo wa umeme wa maji ya Ruaha Mkuu. Reli, sukari na umeme: si mabonde mengi ya Tanzania yaliyopata mambo hayo matatu kwa muda mfupi hivyo. Ufundi ukaenea. Waliotoka katika karakana na viwanda walifungua gereji zao chini ya miembe, wakafundisha watoto wa jirani, na watoto wale leo ndio wazee wa kazi.

Lakini ufundi ulipotoka relini na kuingia barabarani ulipoteza kitu kimoja njiani. Ulipoteza ule urefu wa mpini.

Wanaokumbuka barabara ya Kidatu hadi Ifakara kabla ya lami watanielewa. Ni yapata kilomita 67 tu, lakini masika ilikuwa tope, na kiangazi ilikuwa vumbi na changarawe yenye mawimbi yaliyotikisa gari mpaka meno yakagongana. Ng'ambo ya Ifakara ulikuwapo mto wenyewe. Anayekwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alikuwa hana budi kungoja kivuko. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo malori yalipanga foleni kando ya maji, na mara nyingi foleni ile ndiyo iliyokuwa gereji. Dereva alilala chini ya kivuli, utingo akazunguka gari akiangalia matairi.

Sasa nati ya lori iliyokaa miezi sita katika tope na kutu haitoki kwa kubembelezwa. Utingo alichukua spana ya magurudumu, akachomeka bomba la maji la mita moja na nusu kwenye mpini, kisha akapanda juu ya bomba na kuruka-ruka. Nati ilitoka. Tatizo ni kwamba bomba lile lile lililofungulia ndilo lililotumika kufungia.

Tufanye hesabu kidogo, haiumizi kichwa. Nguvu ya kukaza ni uzito unaosukuma mara urefu wa mkono wa spana. Wahandisi huipima kwa nyutonimita. Mtu akisukuma kwa uzito wa kilo 40 kwenye spana ya nusu mita anatoa kama nyutonimita 200. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja na nusu anatoa kama 1,000, tena bila kuruka. Nati ya gari dogo kwa kawaida yataka mia moja na kidogo. Nati ya lori kubwa aghalabu yataka kama 600. Bomba lilikuwa limeifuta mizani ambayo watu wa reli waliiweka kwenye mpini.

Miji mikubwa ilikuwa imekwisha kupata mashine za upepo. Hizo zinahitaji kompresa, na kompresa inahitaji umeme au injini. Hapa historia ya bonde inacheka kwa uchungu kidogo. Kidatu ina uwezo wa megawati 204, na mtambo wa Kihansi, upande wa juu wa bonde hilo hilo, ulioanza mwaka 2000, una uwezo wa megawati 180. Nguzo kubwa zilibeba umeme ule juu ya paa za makuti na kuupeleka mbali. Vijiji vingi vilivyokuwa chini ya nyaya vilikaa miaka mingi na koroboi. Kwa fundi wa kijijini, mashine ya upepo ilikuwa kitu cha kuona Dar es Salaam.

Ndiyo sababu mashine ya betri ilipofika ilipokewa kama mgeni aliyekuwa akingojwa. Nayo ina ukoo wake. Mwaka 1961 kampuni ya Kimarekani ya Black & Decker ilitoa keekee ya umeme isiyo na waya. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 ilitengeneza chombo cha kukazia bolti kwa ajili ya wanaanga wa mpango wa Gemini. Shida yao ilikuwa hii: huko juu mtu hana uzito wa kumshikilia, na akijaribu kuzungusha bolti, bolti inabaki imetulia naye ndiye anayezunguka. Ikabidi kitengenezwe chombo kinachozungusha bolti bila kumzungusha mwenye kukishika.

Betri za wakati ule zilikuwa nzito na dhaifu. Mambo yalibadilika baada ya betri za lithiamu kuingia sokoni mwaka 1991, nazo zikaanza kuwekwa katika vyombo vya mafundi kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya betri hizo. Fundi wa Ifakara anayechaji betri yake kwa jirani mwenye umeme anatumia tunda la kazi yao, ingawa jina la Yoshino hajapata kulisikia.

Ndani ya mashine ile kuna nini? Kuna mota inayozungusha nyundo ndogo iliyoshikwa na springi. Nati ikiwa laini, vyote huzunguka pamoja. Nati ikikaidi, nyundo hurudi nyuma, springi inajibana, kisha nyundo inaruka mbele na kugonga kwa kuzunguka. Hufanya hivyo zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kwa kuwa nguvu inakuja kwa mapigo mafupi, mkono wa fundi hausikii uzito wake. Ndiyo maana mwanafunzi mwembamba wa gereji anafungua nati ambayo baba yake alihitaji bomba na watu wawili. Mashine za ukubwa wa kati hufika nyutonimita 300 au zaidi. Kubwa hupita 1,000.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Spana ya reli ilimwambia mtu aache kwa urefu wake. Hata bomba lilimwambia kwa jasho na maumivu ya mgongo. Mashine ya betri haimwambii kitu. Mkono hausikii, sikio limezibwa na kelele, na kidole kiko kwenye kitufe.

Watu hudhani nati inashika kwa sababu imekwama. La hasha. Bolti inapokazwa huvutika kidogo, kama springi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana gurudumu kwenye ekseli. Katika kila sehemu kumi za nguvu ya kukaza, karibu tisa huliwa na msuguano na moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko wa kwenda upande kwa upande unaweza kuilegeza nati mpaka ikatoka yenyewe, iwapo mbano ni mdogo. Barabara mbaya ndiyo kazi yake hiyo. Kinyume chake, bolti ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Kwa macho inaonekana nzima, lakini imekwisha kuwa dhaifu, na bolti moja ikikatika mzigo wake unahamia kwa wenzake. Waswahili walisema kamba hukatikia pembamba.

Jambo hili lilimsumbua Conrad Bahr, mtu wa idara ya maji ya jiji la New York, mwaka 1918. Bolti za mabomba ya chini ya ardhi zilikuwa zikikazwa kupita kiasi. Akabuni spana yenye kipimo, inayoonyesha nguvu iliyotumika. Leo spana za kipimo zipo za aina ile inayolia "ta" mara moja ukifika pale ulipoipangia. Hiyo ndiyo mizani ya reli iliyorudishwa mkononi.

Nimepita katika gereji kadhaa za Ifakara na za hapa mjini, nikauliza swali moja: nati za mwisho mnakazia nini? Wengi walinionyesha mashine. Wachache, na hasa wazee, walinionyesha mkono wao. Fundi mmoja alitoa spana ya kipimo katika kitambaa safi kama mtu anayetoa saa ya urithi. Nilifurahi kuona, nikasikitika kwamba ilikuwa moja tu katika mtaa mzima.

Basi kwa wenye mashine, na kwa wenye magari wanaosimama pembeni kutazama, haya ndiyo mambo ambayo mafundi wenye uzoefu wanakubaliana.

Kwanza ni usalama wa gari na wa mtu. Gari lisimame pa tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu mengine yawekewe vigingi. Jeki peke yake si nguzo. Pawe na kigogo imara au stendi ya chuma chini. Fundi avae miwani, kwa kuwa kutu hurukia machoni. Masikio nayo yazibwe: kelele ya kiasi cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku yatosha kuharibu usikivu, na mashine hizi kwa kawaida zinapita hapo. Asivae shati la mikono mirefu inayoning'inia.

Pili ni soketi. Zile zinazong'aa kama kijiko ni za mkono. Chuma chake ni kigumu na chembamba, na mapigo yanaweza kuipasua ikaruka vipande. Za mashine ni nyeusi na nene. Betri itolewe kabla ya kubadili soketi, ili kidole kisibonyeze bila kukusudia.

Tatu, kabla ya kubonyeza kitufe, hakikisha unajua nati inafunguka upande gani. Malori mengi ya Kijapani ya zamani, kama Isuzu na Fuso, yana nati za kushoto zenye uzi wa kinyume. Anayesahau hilo anaikaza nati kwa nguvu zote huku akidhani anaifungua. Na kwenye magurudumu ya nyuma yenye matairi mawili mawili, zile zenye nati ya ndani na ya nje, ya ndani haikaziki mpaka ya nje ilegezwe kwanza.

Nne ni kukaza, na hapa ndipo mashine inapowekwa chini mapema. Safisha uso wa rimu na ekseli, maana rangi, tope na kutu vikikaa katikati vitasagika njiani na mbano utapungua. Usipake grisi kwenye uzi ambao mtengenezaji ametaka uwe mkavu. Msuguano ukipungua, nguvu ile ile itaivuta bolti kupita kiasi. Anza kila nati kwa vidole, mizunguko miwili mitatu, uhakikishe haikupanda uzi vibaya. Mashine, ikiwa kwenye kasi ya chini, iisogeze nati mpaka iguse tu. Kaza kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, si kwa kuzunguka kama anayefunga mfuko. Teremsha gari, kisha malizia kwa spana ya kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kupima. Kutoka Ifakara ukienda Mikumi, hiyo ni safari moja tu.

Tano ni betri. Haipendi jua kali wala maji. Usiiache juu ya boneti mchana wa Kilombero, na ikiwa ya moto baada ya kazi iache ipoe kabla ya kuichaji. Iliyopasuka au kuvimba isirudishwe kazini.

Nikiyatazama haya yote naona kwamba hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi kuliko mashine yenyewe. Mwenye gereji anayeweza kununua mashine anaweza kununua na spana ya kipimo. Sababu ya kutoinunua ni nyingine: mashine inaonekana na kusikika, inavuta wateja, inaharakisha foleni. Spana ya kipimo haina kelele, na faida yake ni ajali ambayo haikutokea. Nani anashukuru kwa ajali ambayo haikutokea?

Mnamo Septemba 2024, huko Beijing tena, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kazi ikifika Kilombero itawaingiza vijana wengine katika shule ile ile ya chuma, safari hii wakiwa na mashine ambazo babu zao hawakuziota. Ombi langu ni kwamba wafundishwe na lile lililokuwa katika mpini wa spana ya zamani, yaani mahali pa kuacha.

Na wewe msomaji mwenye gari, siku fundi atakapolifunga gurudumu lako kwa kelele na kukuambia tayari, mwombe kwa heshima apime kwa mkono. Akikuuliza kwa nini, mwambie familia yako imo ndani.